Inakata jioni, mchana inashika: kisa cha RCD ya nyumba moja Goba

Nyumba yenyewe ni ya vyumba vinne, iko Goba, Dar es Salaam, na wanaoishi humo ni baba, mama na watoto wa shule. Lalamiko lao lilikuwa moja. Swichi ya usalama kwenye meni swichi, ile tunayoiita RCD, inakata umeme wa nyumba nzima jioni, kuanzia machweo hivi, na ikishakata haikubali kupandishwa mpaka usiku uwe mwingi. Asubuhi inashika. Mchana kutwa inashika. Jua likizama, inaanza.

Nilipofika, kwa kweli haikuwa inakata tena, kwa sababu haikuwepo. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameitoa na kuunga dairekti: laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) kutoka mita ya LUKU zimeingia moja kwa moja kwenye breka bila kupita kwenye RCD. Taa zinawaka, friji linaunguruma, kila mtu ameridhika. Aliyeniita ni mama mwenye nyumba, na aliniita kwa sababu alisikia mahali kwamba kile kidude kilichotolewa ndicho kinachomwokoa mtu akishikwa na umeme. Alikuwa nacho kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na kingine kipya walichonunua, nacho kikakata vilevile.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu chanzo chake ni cha aina inayojificha hasa kwa mafundi wenyewe, na kwa sababu uamuzi wa kuitoa RCD naukuta katika nyumba nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Walichokuwa wamekwisha kukifanya

Mshukiwa wa kwanza alikuwa pasi. Mama alikuwa akipiga pasi sare za watoto kila jioni, na mara nyingi umeme ulikata pale anapoichomeka tu. Wakanunua nyingine. Ikakata. "Fundi, hii ni ya pili sasa," aliniambia akinionyesha zote mbili, "na dukani waliijaribu mbele yangu ikawaka vizuri." Baada ya pasi likaja friji, kwa kuwa siku nyingine umeme ulikatika bila mtu kugusa kitu, na friji ndilo linalojiwasha lenyewe. Fundi wa friji akaitwa, hakuona kitu. Kisha mvua za masika zikaja, matatizo yakazidi, na lawama zikahamia kwenye dari: lazima paa linavuja na maji yameingia kwenye waya.

Ndipo alipoitwa fundi umeme. Alifanya kile ambacho wengi wetu tulifundishwa: alishusha breka zote, akapandisha RCD, halafu awe anapandisha breka moja baada ya nyingine mpaka apate ile inayoiangusha. Njia hiyo ni nzuri na hunasa makosa mengi. Lakini jioni ile breka zote zilikuwa chini, na RCD ikakata hata hivyo. Hakuna taa, hakuna soketi, hakuna kitu chochote kinachotumia umeme, na bado inakata. Akahitimisha kwamba RCD ni mbovu. Ukiangalia alichokiona kwa macho yake, hitimisho lina mantiki. Walipoweka mpya ikafanya vilevile, akasema RCD za siku hizi ni feki, akaunga dairekti.

Hapo ndipo ninapotofautiana naye kabisa. RCD mbili tofauti zikikata kwa namna moja, katika saa zilezile, hizo si mbovu. Zinaona kitu ambacho wewe hujakiona.

RCD inapima nini hasa

Ndani ya RCD laivu na nyutro zote mbili zinapita katikati ya pete moja ya chuma. Umeme unaokwenda kwa laivu unapaswa kurudi wote kwa nyutro. Ni kama mlinzi wa geti anayehesabu wanaoingia na wanaotoka: hajali ni wengi kiasi gani, anajali hesabu zilingane. Zikipishana, maana yake kuna umeme umepata njia nyingine, ama kwenye waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ama ukutani, ama kwenye mwili wa mtu. Zile za majumbani kwa kawaida zimeandikwa 30mA, yaani tofauti ikifika miliampia 30 ni lazima ikate, ndani ya sehemu 3 za kumi za sekunde. Chini ya nusu ya hapo, miliampia 15, hairuhusiwi kukata. Katikati ya 15 na 30 ina hiari yake, na RCD nyingi nzima hukata kwenye miliampia ishirini na kitu.

Breka ya kawaida haifanyi kazi hii. Breka ya ampia 20 inasubiri umeme uzidi ampia 20. Mtu aliyeshika laivu huku amesimama sakafuni anapitisha sehemu ndogo sana ya ampia moja, kiasi cha kumuua, na breka haitajua kwamba kuna jambo.

Kinachosahaulika ni kwamba pete ile haichagui upande. Umeme ukivuja kutoka laivu kwenda ethi, hesabu zinapishana. Nyutro nayo ikigusana na ethi mahali popote ndani ya nyumba, hesabu zinapishana pia. Na breka zetu nyingi zinakata laivu peke yake. Ukishusha breka zote, nyutro za nyumba nzima zinabaki zimeungana kwenye baa yao, kile kipande cha chuma zinapofungwa zote, zikiwa bado zimeunganishwa na waya wa nguzoni. Kwa hiyo kosa la nyutro na ethi halijali breka iko juu au chini. Yule fundi alishusha kila kitu isipokuwa kile chenye kosa.

Vipimo

Nilifika saa 10 alasiri kwa makusudi, nione mchana na jioni. Nilianza na mita ya kubana, ile inayosoma miliampia, nikabana laivu na nyutro zinazotoka LUKU kwa pamoja. Ukizibana pamoja, mita inasoma tofauti tu, yaani kilekile ambacho RCD ingekiona. Breka zote zikiwa chini ilisoma miliampia 9. Kwa nyumba ambayo haitumii chochote, hiyo si hali ya kawaida. Ilipaswa kuwa karibu na sifuri.

Kisha nikapima volti kati ya nyutro na ardhi yenyewe, mbali na fimbo ya ethi: 0.8. Na fimbo ya ethi iliyochimbiwa nyuma ya jiko ilikuwa na ukinzani wa ohmu 85. Gawanya 0.8 kwa 85, unapata miliampia 9 na kidogo. Hapo nilijua kwamba nyutro ya nyumba hii imekaa juu ya ethi moja kwa moja, chuma kwa chuma, bila hata unyevu kati yake. Kilichobaki ni kutafuta mahali.

Lakini kwanza nilitaka kulielewa suala la jioni, maana mteja akielezwa hilo ndipo anapoamini mengine. Nyutro ya nguzoni imeunganishwa ardhini kule kwenye transfoma. Kadiri nyumba za mtaa zinavyowasha vitu, umeme mwingi zaidi unarudi kwa nyutro hiyo, na kwa kuwa waya una ukinzani, nyutro inapofika kwako inakuwa na volti kidogo juu ya ardhi. Hilo ni jambo la kawaida, si kosa la mtu. Mchana mtaa umetulia. Jioni watu wanarudi, televisheni, majiko, pasi, pampu za maji, na volti ile inapanda.

Tulikaa na mita mlangoni. Saa 12 na nusu jioni nyutro ilikuwa volti 1.7, tofauti miliampia 20. Nikamwomba mama achomeke pasi, mzigo wa wati 1,000. Ikaruka hadi miliampia 28. Mchana ule, pasi ileile ilikuwa imefika 18 tu. Saa 1 na nusu usiku, pasi ikiwa imechomolewa na breka zote nimezishusha tena, mita ilisoma 47, na nyutro ilikuwa volti 4.

Vipimo vichache hivyo vinaeleza kila kitu ambacho familia ile ilikuwa ikikilalamikia kwa miezi. Pasi ilisingiziwa. Haikuwa na kosa lolote. Mzigo wowote mkubwa ungefanya vilevile, katika soketi yoyote, mradi uwashwe wakati nyutro iko tayari karibu na ukomo. Ilipoonekana kama inakata yenyewe bila mtu kugusa kitu, mzigo ulikuwa wa majirani. Na masika ilizidisha kwa sababu ardhi ikilowa, fimbo ya ethi inapitisha umeme vizuri zaidi, ukinzani unashuka, na umeme mwingi zaidi unapenya kwenda ardhini kwa volti zilezile. Paa halikuwa likivuja.

Hapa nataka kugusia jambo moja linalofanyika mitaani. Kuna mafundi wanaogundua kwamba wakiufungua waya wa ethi, RCD inatulia. Ni kweli itatulia, maana njia ya kuvujia imekatwa. Lakini sasa vyuma vyote vya nyumba, friji, mashine ya kufulia, hita ya bafuni, havina ethi, na laivu ikigusa kimojawapo hakuna dalili yoyote mpaka mtu akiguse. RCD itangoja huyo mtu awe ndiye njia. Tafadhali, asiifanye mtu kazi hiyo.

Kulitafuta kosa

Nilizima swichi kuu, nikahakikisha kwa mita kwamba umeme haupo, nikachomoa kila kilichochomekwa. Kuchomoa, si kuzima: swichi nyingi za kwenye soketi nazo zinakata laivu tu. Kisha nikafungua nyutro zote kwenye baa na kuzipima moja moja dhidi ya ethi kwa mega ya volti 500, kifaa kinachopima kama ganda la waya bado linazuia umeme. Kipimo hiki kwa waya wa nyumba kinatakiwa kisipungue megaohmu 1, na waya mzima husoma mamia.

Soketi za sebuleni na vyumbani zilisoma juu ya 100. Jiko 60. Taa za ndani juu ya 100. Nyutro ya taa za nje: sifuri.

Saketi hiyo inatoka kwenye meni swichi, inazunguka ukuta wa nje kwenye paipu, inaingia kwenye boksi la kuungia karibu na geti, na hapo inagawanyika kwenda kwenye taa mbili juu ya nguzo za geti. Nilifungua boksi, nikatenganisha. Upande wa nyumba ulikuwa safi. Upande wa geti, sifuri. Taa ya kushoto safi. Ikabaki ya kulia.

Ni taa ya gamba la chuma, imefungwa kwenye nguzo kwa skrubu mbili. Nilipoiteremsha niliona mara moja. Waya mweusi, ambao kwa rangi za zamani ndiyo nyutro, ulikuwa umeachwa mrefu kupita kiasi, ukakunjwa nyuma ya gamba, na gamba likafungwa juu yake. Ukingo wa chuma ulikuwa umeubana kwenye plasta. Ganda la plastiki lilikuwa limekatika kwa urefu usiozidi punje ya mchele, na shaba iliyoonekana hapo ilikuwa imesuguliwa ikang'aa, kwa sababu taa inatikisika geti linapofungwa kwa kishindo. Tundu la kupitishia waya halikuwa na raba. Waya mwekundu, laivu, ulikuwa umelala kwenye ukingo uleule, na ganda lake lilikwisha kuwa na mkwaruzo mweupe.

Nilimuuliza mama taa ile imewekwa lini. Wakati wa kupaka rangi ukuta, likizo ya Desemba, akasema. Zile za zamani zilitolewa zikawekwa mpya. Kukata kulianza lini? Akafikiri kidogo. Watoto waliporudi shule. Hakuna aliyeviunganisha vitu hivyo viwili, na sioni wangeviunganisha vipi, maana taa ya geti haikuwahi kusumbua. Nyutro ikigusa ethi hakuna shoti, hakuna cheche, breka haiangushwi, taa inawaka vizuri. Hata ukiiwasha na kuizima hiyo taa yenyewe RCD haishtuki, kwa sababu balbu ya wati 9 inapitisha umeme kidogo mno. Kosa lilikuwa kwenye kifaa pekee ambacho mtu angeapa kwamba hakina kosa.

Ule waya mwekundu

Sasa tuseme nisingeitwa, na RCD imebaki kwenye mfuko wa plastiki. Mkwaruzo kwenye laivu unaendelea kukatika, kishindo kwa kishindo, mpaka shaba inagusa gamba la taa, katika saa ambayo nyutro imeachana nalo (zikiligusa zote mbili ni shoti, na breka ingeanguka). Gamba limeunganishwa na ethi, geti la chuma nalo limegusana nalo kwa bawaba zilizopachikwa kwenye nondo za nguzo. Umeme utakwenda ardhini kupitia fimbo ya ohmu 85. Volti 230 ukigawanya kwa 85 ni ampia 2.7. Breka ya taa za nje ni ya ampia 10. Haitaanguka leo, haitaanguka kesho. Geti litabaki na umeme, karibu volti 230 kamili, na watoto wanalisukuma kila asubuhi mikono ikiwa imelowa umande. Dalili pekee ingekuwa LUKU: hizo ampia 2.7 zinakula zaidi ya yuniti 14 kwa siku, na familia ingedhani mita inawaibia.

Wengi hatulielewi hili vizuri. Katika nyumba ambayo ethi yake ni fimbo iliyochimbiwa uani, breka haiwezi kukulinda dhidi ya chuma kilichoshika laivu. Ardhi haipitishi umeme wa kutosha kuiangusha. RCD ndiyo ulinzi pekee uliopo. Ukiitoa, fimbo yako ya ethi, waya wa kijani na njano, na pini ya tatu kwenye kila plagi vinabaki mapambo.

Kuna hatari ya pili katika nyutro iliyoshika ethi, nayo ni siku ile waya wa nyutro wa nguzoni unapokatika au kulegea, jambo linalotokea upepo ukivuma. Umeme wote wa nyumba utatafuta njia ya kurudi kupitia lile jeraha la kwenye taa, uende geti, uende fimbo, na kila chuma chenye ethi kitapanda volti pamoja nao.

Marekebisho na hali ilivyo sasa

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nilikata sehemu iliyojeruhiwa kwenye nyaya zote mbili, nikaunga kipande kipya ndani ya boksi, nikaweka raba kwenye matundu ya taa zote mbili, nikapunguza urefu wa waya nyuma ya gamba. Mega ikasoma juu ya megaohmu 200.

RCD nilizipima zote mbili. Ile ya zamani na ile "feki" zote zilishika kwenye miliampia 15 na kukata kwenye 30 ndani ya muda unaotakiwa. Nilirudisha ile mpya, kwa sababu ni ya aina A, inayohisi pia uvujaji wa vifaa vya kielektroniki vinavyokata mawimbi ya umeme. Ya zamani ilikuwa ya aina AC. Aina inatambulika kwa alama ya wimbi iliyochorwa usoni.

Jioni ile baada ya kumaliza tulirudia kipimo. Nyutro ilikuwa bado volti 4 juu ya ethi, kama nilivyotarajia, maana mtaa haukubadilika. Tofauti kwenye mita ya kubana, nyumba nzima ikiwa imewashwa, friji, televisheni na pasi zote mbili kwa pamoja: miliampia 3. Hizo tatu ni za vichujio vilivyomo ndani ya vifaa vya kielektroniki, hazina shida.

Kwa anayesumbuliwa na RCD sasa hivi, kabla hajamwita mtu, kuna la kuangalia. Ikikata unapochomeka kifaa kimoja tu, na kifaa hichohicho kikaiangusha katika soketi nyingine na kwa saa yoyote, kosa ni la kifaa: birika la umeme, hita ya maji na pasi huongoza, kwa kuwa koili zake hupenyezwa na unyevu. Ikikata mvua ikinyesha tu, anza na soketi na taa za nje. Ikikata breka zote zikiwa chini, au kwa saa fulani bila mpangilio wa vifaa, mwambie fundi apime nyutro dhidi ya ethi, na asipokuwa na mega tafuta mwingine mwenye nayo. Usiipandishe kwa nguvu mara kwa mara ukitumaini itachoka. Na kile kitufe cha T kibonyezwe kila baada ya miezi michache. Kinathibitisha kwamba RCD yenyewe inaruka, ingawa hakisemi chochote juu ya hali ya fimbo yako ya ethi.

Mambo mawili hayajamalizika Goba. Fimbo ya ohmu 85 inatosha kwa RCD kufanya kazi, lakini kiangazi ardhi ikikauka itapanda, hivyo nimeshauri waongeze ya pili upande wa bafuni ambako ardhi hailali kavu. Jambo la pili ni kwamba RCD moja inabeba nyumba nzima, kwa hiyo siku taa ya nje ikiingia maji, friji nalo litazima. Baba mwenye nyumba amekubali taa za nje zipewe RCD yake zitakapopatikana fedha. Wakati tunangoja, nimebandika karatasi ndani ya mlango wa meni swichi inayoonyesha nyutro ipi kwenye baa ni ya breka ipi, pamoja na vipimo vya siku ile na tarehe, ili fundi atakayekuja baada yangu asianze upya.